Mtoto anaogelea mita 25 safi kabisa, akigeuza tu pumzi imekata. Tatizo ni mapafu, miguu au kocha?

#1 Tabata_Bima

Wakuu habari za jioni, naenda moja kwa moja.

Kijana wangu ana miaka 9, anajifunza kuogelea kwenye bwawa la mita 25 hapa mjini. Mtindo huru anaupiga vizuri, ukimwona zile mita 20 za kwanza unaweza kudhani kazaliwa Kizimkazi. Shida inaanza akishagusa ukuta na kugeuza. Hata nusu ya bwawa hajafika, kichwa kinanyanyuka, mikono inaanza kupapasa, kisha anashika kamba anahema.

Kuingia timu ya shule anatakiwa aogelee mita 200 bila kusimama. Muda hawaangalii, wanataka umbali tu. Kocha wake jibu ni moja kila siku, "ongeza pumzi", na dawa anayompa ni kukaa chini ya maji amebana pumzi huku wenzake wanahesabu. Mama yake anasema mtoto hali vizuri. Shemeji yangu anasema mapafu ya mtoto bado madogo, tumwache mpaka afike 12. Mimi nahisi kuna jambo la ufundi hapo ila siwezi kulitaja, maana kuogelea kwangu mwenyewe ni kwa Coco Beach: maji yakifika kifuani nageuza.

Wenye watoto walioweza kwenda mbali, mlifanyaje?

#2 Mchokozi01

Nimevuta kiti. Mimi maji yakipita magoti naanza kukumbuka watu ninaowadai.

#3 KochaMkongwe

Mleta uzi, mapafu ya mtoto wa miaka 9 yanatosha kwa mita 200 na zaidi. Shemeji mwambie atulie.

Watoto wengi hawana shida ya kuingiza hewa, wana shida ya kuitoa. Siku ijayo mwangalie uso wake ukiwa majini. Mapovu yanatoka? Kama hayatoki, basi anabana pumzi muda wote mikono inapozunguka, halafu akigeuza kichwa anataka atoe hewa ya zamani na avute mpya kwa wakati mmoja. Muda huo ni mfupi mno. Matokeo yake anavuta kidogo tu juu ya kifua ambacho tayari kimejaa. Bwawa la kwanza, yaani mita 25 za kwenda, mwili unavumilia. La pili kabonidayoksaidi imeshapanda kwenye damu, na hiyo ndiyo inayomfanya ahisi anakata roho, hata kama oksijeni bado anayo.

Mapovu yatoke mfululizo, puani na mdomoni, tangu uso unapoingia majini mpaka unapotoka. Aanze ameshika ukuta, baadaye na ubao, mikono ije mwisho.

Na hilo la kubana pumzi naomba lisimame kwanza. Wapo humu watakaolieleza vizuri kuliko mimi.

#4 KondaWaUsiku

Kocha #3 umenifungua akili. Kumbe ni Mbagala saa kumi na moja jioni: unapakia watu wakati waliomo hawajashuka, halafu unashangaa gari haliingizi hata mtoto.

#5 Kigingi

Shikamoo kocha #3. Mapovu ni muhimu, lakini kwa dalili alizotoa mleta uzi mimi naona miguu.

Watoto wanapiga teke kama wanaendesha baiskeli. Goti linakunjwa, unyayo unarusha maji juu, kelele nyingi, mwendo hakuna. Misuli ya paja ndiyo mikubwa kuliko yote mwilini na ndiyo inayokula oksijeni nyingi. Mtoto anachoma mafuta yote kwenye kelele, bwawa la pili linamkuta tanki tupu. Waogeleaji wa mbio fupi hupiga teke sita kwa mzunguko mmoja wa mikono. Wa mbio ndefu wengi hupiga mbili, za kusawazisha mwili tu, kazi ya kusukuma wanaiachia mikono.

Kipimo chake hakina gharama. Mpe lile boya la kubana mapajani, miguu ilale. Akienda mita 50 bila shida, umeshapata jibu.

#6 KochaMkongwe

Marahaba #5. Ila kwa boya karibu kila mtoto anaenda mbali zaidi. Linainua nyonga, na nyonga zikipanda kila kitu kinakuwa rahisi, pumzi ikiwemo. Hapo hujapima miguu peke yake.

#7 MzeeWaBamvua

Wote mnaongelea mabwawa. Vijana wa Kunduchi na Kigamboni nani aliwafundisha mapovu? Nani aliwapa boya la mapajani? Chombo kinaegeshwa mbali, dogo anajitosa, anakuja mpaka mchangani kichwa juu anaongea na mwenzake. Mtoto mpeleke chumvini. Maji ya bahari yanambeba, woga unaisha, umbali unakuja wenyewe. Bwawa la mita 25 linamfundisha kushika ukuta.

#8 NesiWaZamu

Mzee wangu #7, kubeba ni kweli. Maji ya bahari yana uzito wa asilimia mbili na nusu hivi zaidi ya maji baridi, na mwili unausikia. Lakini kwa sababu hiyo hiyo mtoto aliyezoea chumvi akiingia bwawani miguu inazama, anachanganyikiwa. Na kuogelea kichwa juu kunamfaa anayetaka kuona wimbi na chombo. Bwawani kichwa kikipanda nyonga zinashuka, anakuwa anapanda mlima.

Halafu siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, bahari yetu inapanda na kushuka zaidi ya mita 3. Mtoto anayechoka kabla ya mita 50 humpeleki huko kutafuta umbali.

Sasa la kubana pumzi, kwa wazazi wote. Hamu ya kuvuta hewa inaletwa na kabonidayoksaidi kuongezeka, kama kocha alivyosema. Watoto wakishindana kukaa chini, hujifunza haraka kuvuta pumzi ndefu ndefu mfululizo kabla ya kuzama. Hiyo inapunguza kabonidayoksaidi bila kuongeza oksijeni ya maana. Kinachofuata, oksijeni inaisha kabla hamu haijaja, mtoto anazimia chini ya maji bila kurusha hata mkono. Aliye juu anadhani bado anashinda. Hata kwenye maji ya kifuani inatokea. Mashindano ya kuhesabu yasiwepo kabisa.

#9 MzeeWaBamvua

Nani kataja bamvua? Jina langu lisikuchanganye binti yangu. Mtoto unampeleka maji mafu, mwezi ukiwa nusu, bahari haina haraka. Na unakwenda maji yakiwa yanajaa ili yamrudishe pwani, yakianza kutoka mnakunja vitu. Msimu nao ni kaskazi, asubuhi, kabla upepo haujaamka. Kusi hata mimi sipeleki mjukuu.

#10 ChumaChaPua

Mnazunguka tu. Sisi watu weusi mifupa yetu mizito, maji ya mbali si yetu. Angalieni Olimpiki, mbio ndefu Mwafrika yuko wapi?

#11 Kigingi

#10 Oussama Mellouli, Tunisia. Dhahabu ya mita 1500 Beijing 2008, dhahabu ya kilomita 10 kwenye maji ya wazi London 2012. Hakuna mwingine kabla yake aliyepata dhahabu ya Olimpiki bwawani na nje ya bwawa. Tokyo tena akaja Ahmed Hafnaoui, Mtunisia mwingine, umri miaka 18, akashinda mita 400 akianzia mstari wa 8 kule pembeni kabisa.

#12 ChumaChaPua

Nimesema weusi, hujanielewa. Hao ni Waarabu.

#13 Mchokozi01

Hapa umesema "Mwafrika yuko wapi". Tunisia imehamia Asia lini, nijue visa inakatwa wapi?

#14 NesiWaZamu

Huo mfupa unaousema #10, tofauti yake ni ndogo mno, haiwezi kumsimamisha mtoto mita ya 35. Mwili wenye hewa kifuani unaelea, kwa watu walio wengi. Mwambie mtoto akumbatie magoti, uso majini, kifua kimejaa. Mgongo utabaki juu. Kisha atoe hewa yote, aone anavyoshuka. Watoto wa hapa hawaogelei kwa sababu mabwawa yako hotelini na kwenye shule za ada kubwa. Mtoto wa Manzese mifupa yake nani ameipima?

#15 DomoKaya_Temeke

Mnamkumbuka yule jamaa wa Guinea ya Ikweta, Sydney 2000? Alijifunza kuogelea miezi michache tu kabla ya Olimpiki, akapewa mita 200, karibu azame, ukumbi wote ukasimama kumshangilia.

#16 Kigingi

Eric Moussambani. Zilikuwa mita 100 mkuu, 200 umemwongezea. Alitumia dakika 1, sekunde 52.72. Wenzake wawili wa kundi lile walitolewa kwa kuanza kabla ya ishara, akaogelea peke yake.

#17 DomoKaya_Temeke

Mimi nakumbuka 200. Ila haya.

#18 Kigingi

Kilichokaa kichwani mwako pengine ni ile habari kwamba muda wake ulikuwa mrefu kuliko rekodi ya dunia ya mita 200. Na mkitazama mbio zile mtaona mada yetu yote. Mita 50 za kwanza aliondoka kwa nguvu zote. Kugeuza tu, kwisha habari. Bwawa la urefu ule hakuwahi kuliona kabla ya kufika Sydney.

#19 PolePole_Kimara

Naomba niingilie hapo hapo. Huyu wa mleta uzi kinachomuua ni kasi. Mtoto hajui mwendo, anajua mashindano tu. Wangu nilimwekea kanuni: bwawa la kwanza ndilo liwe la polepole kuliko yote. Anakwenda mita 25, anapumzika sekunde 20, anaondoka tena, mara nane. Hapo 200 imetimia, ila kwa vipande. Wiki zinavyokwenda unakata mapumziko, 15, 10, 5, mpaka siku moja anageuza mwenyewe bila kuambiwa. Umbali ulishakuwepo, mimi nilitoa mapumziko tu.

#20 KochaMkongwe

#19 Vipande ni njia nzuri, nami naitumia. Ila uliza kwa nini mtoto hawezi kwenda polepole. Wengi wakipunguza kasi miguu inazama. Ile kasi yote ndiyo inayowashikilia juu. Ukimwambia "taratibu" unamwambia azame, ndiyo maana anakuitikia "sawa kocha" halafu anaondoka vile vile. Kwanza mwili ulale: atazame sakafu ya bwawa, asitazame mbele. Akitaka hewa aviringike pamoja na bega, miwani moja ibaki majini. Asinyanyue kichwa. Akiweza kulala ndipo ataweza kwenda polepole.

#21 PolePole_Kimara

Asante kocha, ila wangu alijifunza kulala KWA kwenda polepole. Kipi kinatangulia sijui, ila watoto wangu wawili wamepita hivyo.

#22 MamaPacha

Jamani mbona hakuna aliyeuliza bwawa lina kina gani upande wa pili?

Nina mapacha, mmoja alikuwa na tabia hii hii. Kwenda anaenda, kurudi anakwama, na anakwama sehemu ile ile. Nikakaa ukingoni nikaangalia. Aliondoka maji mafupi akielekea maji marefu, ukuta anauona, roho imetulia. Akishageuza anaanzia mahali ambapo miguu haifiki chini, anaanza kuharakisha ili akapate kusimama. Hapo pumzi inaharibika, mapovu yanakatika, miguu inapapatika, yote mliyoyasema. Chanzo woga. Tulimwanzisha upande wa maji marefu. Tukamfundisha kulala chali akichoka, ahesabu mpaka kumi, kisha ageuke aendelee. Alipojua kuna kitanda njiani akaacha kukimbilia ukuta.

Mleta uzi hebu sema, wako anakwama wapi hasa?

#23 Tabata_Bima

Asanteni sana, sikutegemea haya yote. Dada #22 umenigusa. Anakwama kwenye maji marefu kweli, maana akigeuza anakuwa huko huko. Lakini ukimtupa maji marefu acheze, anacheza bila wasiwasi. Sasa huo ni woga kweli?

#24 MamaPacha

Kucheza karibu na ukuta na kuogelea katikati ni vitu viwili, kaka yangu.

#25 BintiKunduchi

Swali nje kidogo. Pumzi avute kila mikono mingapi? Binti yangu kocha mmoja anamwambia kila mitatu, ili ageukie pande zote mbili. Mwingine anamwambia kila miwili, upande mmoja. Mtoto kachanganyikiwa, sasa anavuta anapokumbuka.

#26 KochaMkongwe

Mitatu wakati wa kujifunza, ili mwili usipinde upande mmoja na shingo izoee kote.

#27 Kigingi

Miwili wakati wa umbali. Tazama fainali za mita 800 na 1500, wengi wanavuta kila miwili. Hewa ndiyo chakula, kwa nini umnyime mtoto mlo mmoja kati ya mitatu halafu umlaumu anachoka? Katie Ledecky alichukua dhahabu ya mita 800 London 2012 akiwa na miaka 15, na mara nyingi anageukia upande mmoja.

#28 KochaMkongwe

Ledecky alishajenga mtindo. Mtoto wa miaka 9 anayegeukia upande mmoja tu, mkono wa pili unakuwa mvivu, baada ya mwaka anaogelea kwa mshazari. Nimewanyoosha wengi.

#29 BintiKunduchi

Kwa hiyo nimwambie miwili na nusu 😂

#30 FundiPampu

Mimi nahudumia mabwawa, nitasema la kwangu. Kabla hamjamlaumu mtoto, nusa bwawa. Kuna siku watoto wote wanakohoa na wazazi mnasema "klorini imezidi". Ile harufu kali inayochoma macho mara nyingi inatokana na klorini iliyokutana na jasho na mkojo, ikageuka kitu kingine. Bwawa safi halinuki hivyo. Na likiwa limefunikwa paa hewa ile inakaa juu ya maji, pale pale mtoto anapovutia pumzi. Mwenye pumu hafiki mbali hapo hata umfundishe mapovu ya dhahabu.

#31 Mchokozi01

Kwa hiyo miaka yote nasifia bwawa fulani la Jumapili kwamba "hawa wanaweka dawa kweli kweli", kumbe nanusa majirani?

#32 FundiPampu

Na watoto wao. Oga kabla ya kuingia, tunaomba kila siku, bango lipo, hakuna anayesoma.

#33 MamaPacha

Huyo wa pili kwenye mapacha ni binti, kikwazo chake kilikuwa nywele. Rasta zikishajaa maji zinavuta kichwa nyuma, kofia ya kawaida haiingii, inavuka katikati ya bwawa, anasimama kuishika. Tulidhani anachoka kumbe anahangaika na kofia. Zipo zile kofia kubwa, Soul Cap. Shirikisho la kimataifa lilizikatalia kabla ya Olimpiki ya Tokyo, mwaka 2022 likaziruhusu. Kwa hapa Dar bado nahangaika kuzipata, mwenye duka anitupie.

#34 BintiKunduchi

Msuke mistari miwili ya kulala tu, shoga. Rasta subirini likizo.

#35 MamaPacha

Likizo ndiyo wanaogelea kila siku 🙄

#36 Tabata_Bima

Mrejesho wakuu. Leo nimekaa ukingoni na simu, nimemrekodi. Mapovu: bwawa la kwanza yapo, la pili hakuna hata moja, mashavu yamevimba. Kocha #3 hapo sawa. Miguu: goti linakunjwa kama #5 alivyosema, na mguu wa kulia unafunguka pembeni kama mkasi kila anapovuta hewa.

Kisha nikaomba lile boya la mapajani. Akaenda mita 75 bila kusimama! Mwenyewe hakuamini, anataka alale nalo.

#37 Kigingi

Miguu. Nashukuru kwa kunisikiliza. Uzi ufungwe.

#38 KochaMkongwe

Usifunge. Mkasi wa mguu unatoka kwenye kichwa. Akinyanyua kichwa kutafuta hewa mwili unayumba, mguu unafunguka kuuzuia usipinduke. Pumzi ikitulia mguu utafunga wenyewe, hutaugusa. Na boya lilimwinua, akaacha kuhofia kuzama, akapata nafasi ya kutoa hewa. Tazama video tena, na boya mapovu yapo au hayapo?

#39 Tabata_Bima

Na boya mapovu yapo kocha. Mengi tu.

#40 Kigingi

Yapo kwa sababu miguu haikula hewa!

#41 MamaPacha

Swali la mama: hizo mita 75 aliogelea upande gani wa bwawa?

#42 Tabata_Bima

Kwa upana, upande wa maji mafupi. Kwenye mistari walikuwa wamejaa wakubwa. Upana ni kama mita 12 na kitu, akawa anakwenda na kurudi.

#43 MamaPacha

Nimemaliza.

#44 PolePole_Kimara

Subirini kwanza. Mita 75 kwa upana wa 12 ni kugeuza mara tano. Kwa urefu angegeuza mara mbili. Kila akigusa ukuta anasukuma, anateleza bure mita kadhaa, anapata na pumzi ya ziada. Huo ni mwendo wa vipande niliousema #19, ila bwawa ndilo lililokata vipande. Hamwezi kulinganisha na mita 75 za urefu.

#45 ChumaChaPua

Yaani kila mtu kashinda. Na mifupa je?

#46 NesiWaZamu

Mifupa imekwenda mita 75, #45. Inakusalimia.

#47 Mwananzengo

Nimesoma wote, niseme moja. Mnamjenga huyu mtoto kwa ajili ya timu ya shule, sawa. Mimi ni mtu wa Mwanza, nimehamia huku kikazi. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilipozama Ziwa Victoria nilikuwa kijana. Tangu siku ile kwetu kuogelea si mchezo wa gala. Mita 200 bila kusimama ndiyo umbali ninaoutaka kwa kila mtoto wangu, na sitaki kusikia habari ya medali.

#48 MzeeWaBamvua

Pole sana mdogo wangu. Ila kwenye ajali ya chombo watu huwa mbali na nchi kavu, usiku, na nguo zote mwilini. Mita 200 hazimfikishi mtu popote. Kinachookoa ni jaketi la kuokolea na kuweza kuelea saa nyingi. Hilo la #22, kulala chali, ndilo lifundishwe kabla ya hizo mbwembwe za mikono.

#49 Mwananzengo

Mzee, mwenye mita 200 anafika kwenye jaketi lililo mita 20 kutoka kwake. Asiyejua hafiki.

#50 MzeeWaBamvua

Hapo nakupa.

#51 DomoKaya_Temeke

Turudi kwa makocha. Mleta uzi, darasani wako wangapi? Kwetu walikuwa ishirini na kitu kwa kocha mmoja. Mtoto anaogelea mara moja, anasubiri foleni anatetemeka mdomo wa bluu, anaogelea tena. Saa nzima ya somo, majini hafikishi dakika kumi. Umbali utatoka wapi? Hata Tanzania yetu Paris 2024 tulipeleka mita 50 na 100 tu, Sophia Latiff na Collins Saliboko. Mbio ndefu zinataka muda wa maji, na muda wa maji ndio ghali hapa.

#52 Tabata_Bima

Wako 16, makocha wawili, ila mmoja yuko kwenye simu. Nimeongea na huyo mwingine kistaarabu, kubana pumzi ameondoa. Mapovu ameyakubali. Boya anasema ni kumdekeza mtoto.

#53 Kigingi

Dakika kumi za boya, kisha analitoa, mita 25 bila boya wakati mwili bado unakumbuka. Likiwa la kudumu ni kudekeza kweli, hapo kocha wako hajakosea.

#54 BintiKunduchi

Na kwenye mtihani wa shule, kugusa ukuta na kusukuma kunahesabika kusimama? Maana wetu walimkatalia mtoto kwa sababu alishika ukuta kwa mikono miwili akapangusa miwani.

#55 KochaMkongwe

Kugusa na kusukuma papo hapo si kusimama. Hahitaji kupinduka chini ya maji kama wakubwa, aguse kwa mkono mmoja, ajikunje, asukume. Miwani ikiingia maji aendelee nayo, afanye mazoezi ya hilo pia. Ila #1 waulize walimu mapema, kila shule ina sheria zake.

#56 Mgeni_wa_Kawe

Habari wanajukwaa, nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu. Niliogelea mashindano nikiwa shule. Nimeshangaa, machapisho hamsini na hakuna aliyetaja mikono. Huyo mtoto anayepinda mguu kama mkasi, angalieni mkono wake unaingia wapi majini. Naweka pesa kwamba unavuka mstari wa katikati, mbele ya kichwa, na mwili unanyongeka kama nyoka. Mguu unafunguka kurekebisha. Pumzi, teke, woga, vyote vinafuata baadaye. Mkono uingie mbele ya bega lake.

#57 Kigingi

Haya tena.

#58 KochaMkongwe

Karibu jukwaani #56. Mkono unavuka kwa sababu kichwa kimegeuka kupita kiasi, ila tuendelee.

#59 Tabata_Bima

Nafungua video tena.